Msuko wa Nyuma ya Sikio

Edelmira alikuwa na mkasi mpya, na mkasi huo ulimkaa rohoni kuliko dawa zote za zahanati ya Ankapukyo. Aliununua mjini Abancay mwezi uliopita, akaufunga utepe mwekundu kwenye mishikio yake, akauviringisha ndani ya soksi na kuuficha chini ya mto. Kila asubuhi kabla ya kuvaa koti jeupe aliuchomoa, akakata hewa mara mbili, akaurudisha. Mtu angemchungulia angesema mkunga ameanza kurukwa na akili kwa baridi ya milimani, kumbe mwenzao alikuwa anahesabu siku.

Kazi ya kule juu ilikwenda kwa siku ishirini na mbili mfululizo, kisha siku nane za mapumziko. Siku ishirini na mbili unalala zahanati, unakula zahanati, unaota ndoto za zahanati. Siku nane unashuka mjini kujifunza upya vikombe vya nyumbani kwako vinakaa kabati gani. Edelmira alikuwa ametimiza miaka mitatu katika mtindo huo, kwanza kwenye zahanati nyingine, na tangu Agosti hapa Ankapukyo. Mwanawe Yojan alikuwa na miaka minne. Baba wa Yojan alikwenda machimbo ya dhahabu huko msituni kabla mtoto hajaota meno, na kama dhahabu ameipata basi hajamwambia mtu. Mtoto alilelewa na bibi yake, mama Olinda, katika nyumba iliyo juu kidogo ya soko la Abancay.

Sasa, Jumapili ya tarehe mosi Machi, Yojan angekatwa nywele.

Nywele zake hazikuwahi kuonja mkasi tangu azaliwe. Zilikuwa zimeshuka mpaka kiunoni, zimegawanywa misuko midogo midogo, kila msuko na utepe wake. Siku ikifika, baba wa ubatizo hukata msuko wa kwanza, mama hukata wa pili, kisha ndugu na majirani hufuata mmoja mmoja, kila mmoja na neno lake na zawadi yake kwa mtoto: huyu kondoo, yule simbilisi wawili wa kitoweo, yule gunia la viazi. Mtoto hukalia kiti cha sherehe akiwa kichanga cha mama yake, akashuka akiwa mtu. Sherehe ya Yojan ilikuwa imeahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza kulikuwa na kampeni ya chanjo ya surua na likizo zote zikafutwa. Mara ya pili mkunga mwenzake alikwenda kujifungua, hakuletwa wa kushika nafasi yake. Mara zote mbili Edelmira alimwambia mwanawe kwenye simu maneno yaleyale: "Vumilia, baba. Mama anakuja tukate nywele." Na siku ambazo hapakuwa na sherehe yoyote karibuni alisema hivyohivyo, maana ndiyo ahadi pekee aliyokuwa nayo mkononi.

Safari hii haikuwezekana kuahirisha. Shule ya chekechea ilikuwa inafunguliwa, na mwalimu alishasema hatapokea mvulana mwenye misuko ambaye watoto wenzake wangemwita binti. Tena Don Eleuterio, baba wa ubatizo, dereva wa lori wa Arequipa, alikuwa amepata Jumapili hiyo moja tu. Siku ya ishirini na mbili ya Edelmira iliangukia Ijumaa. Jumamosi alfajiri angeshuka, Jumapili angekata msuko wake. Mambo yalikuwa yamepangika vizuri mno, na kule juu mambo yakipangika vizuri mno watu huanza kutazama mawingu.

Siku ya Jumatano mlima ulimwaga tope barabarani, chini kidogo ya daraja. Gari likawa halipiti. Watu wenye miguu yao walivuka kwa kupanda juu ya maporomoko kwa saa mbili, tope magotini, na ng'ambo wakakuta magari mengine yanangoja. Edelmira aliposikia hivyo alishukuru Mungu. Miguu alikuwa nayo.

Aliyekuwa hana miguu ya kuvuka ni Hilaria.

Hilaria alikuwa na wiki tatu katika nyumba ya kungojea, kile chumba cha matofali ya udongo kando ya zahanati ambako wanawake wa vitongoji vya mbali huletwa kabla ya uchungu, wasije wakajifungulia njiani. Alitoka Wayllapata, mwendo wa saa sita kwa mguu. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkimya, mikono haikai bure: alisokota sufi tangu asubuhi mpaka jioni, na sufi hiyo aliitazama kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Uzazi wake uliopita damu ilikataa kukatika, wakambeba kwenye blanketi akiwa mweupe kama chumvi. Kwa hiyo hakuna aliyekubali mchezo safari hii. Kwa mujibu wa kadi yake, Jumapili mimba ingetimiza wiki arobaini na moja, na utaratibu unasema wiki hiyo ikifika mama apelekwe hospitali. Lakini gari la wagonjwa lilikuwa upande ule wa tope, na ofisi ya wilaya, ilipoulizwa kwa redio, ilijibu kwamba suala linafanyiwa kazi.

Tena kulikuwa na jambo lililomnyima Edelmira raha. Utepe wa kupimia tumbo ulisoma namba ndogo. Kadi ilisema mimba imepitiliza, tumbo likasema bado. Mkunga mwenye akili zake hujua maana ya hiyo: mtoto amedumaa, mama anamlisha lakini chakula hakifiki. Aliandika hivyo kwa wino mwekundu.

"Huyu bado," Hilaria alisema kila alipopimwa.

"Bado vipi, dada yangu? Wiki zimeshapita."

"Mimi nitajuaje, mamay?" Neno hilo kwao ni mama yangu. "Najua tu bado."

Edelmira alitabasamu, akamshika bega, akaendelea kuandika. Wajawazito wote wa wiki ya mwisho husema ama "leo leo" ama "bado", na hakuna kadi yenye nafasi ya kuandikia hayo.

Ijumaa mchana alikaa jikoni na Don Fortunato wakila viazi na jibini. Don Fortunato alikuwa mhudumu wa afya wa miaka hamsini na minane, jino moja la dhahabu, mtu wa chanjo na vidonda. Alikuwa pale tangu zahanati ni chumba kimoja na punda. Mbele yake palikuwa na fomu iliyotoka wilayani, Dodoso la Ustawi wa Watumishi wa Afya, maswali thelathini.

"Bosi, swali la tisa. 'Katika mwezi uliopita umejihisi umechoka?' Kuna kamwe, mara chache, mara nyingi, daima. Nitie alama wapi?"

"Tia mara chache."

"Nikitia daima watanifanya nini?"

"Watakuletea fomu nyingine."

Don Fortunato alicheka mpaka jino likaonekana lote. "Na Jumapili saa nne asubuhi kuna semina ya simu. 'Namna ya Kupumzika.' Kuhudhuria ni lazima."

"Jumapili? Siku ya mapumziko?"

"Sasa wewe ulitaka upumzike siku gani nyingine?" Akamwaga mahindi ya kukaanga kiganjani. "Wewe nenda zako ukakate nywele za mwanao. Semina nitaihudhuria mimi, nitajibu kwa sauti ya kike."

"Na Hilaria?"

Hapo mzee aliacha kucheka. Kushona jeraha alijua, kupokea mtoto alijua pia, amepokea wengi. Lakini damu ya Hilaria ilihitaji mkono wa mkunga, na wote wawili walilijua hilo. "Mungu yupo," alisema, na Edelmira akaona kwamba mzee anaogopa.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, walisema wa kale, na pengine huko wilayani mzigo huu ulionekana mwepesi hivyo. Mkunga mmoja, mjamzito mmoja, barabara moja. Edelmira alifunga begi lake hata hivyo. Aliweka mkasi juu kabisa ya nguo, chini ya zipu, karibu na mkono.

Jumamosi alfajiri, begi mgongoni na viatu vya mpira miguuni, alipita kumuaga Hilaria. Alimkuta ameketi kitandani, sufi pajani, hasokoti.

"Vipi?"

"Salama, mamay. Nenda. Mtoto wako anakungoja. Huyu wangu bado."

Edelmira aliweka mkono kwenye tumbo kwa mazoea tu, kama mtu anayegusa mlango kuhakikisha umefungwa. Tumbo likakaza. Akasubiri, likalegea. Akahesabu dakika kwenye saa yake, likakaza tena.

"Linauma?"

"Linabana tu. Wote hufanya hivi, kisha hulala. Nenda."

Akasikiliza moyo wa mtoto. Ulikuwa unapiga vizuri. Akasikiliza tena, akitamani usikike vibaya au vizuri zaidi, usikike kitu cha kumwamulia. Nje watu waliokuwa wanashuka walikuwa wanaitana barabarani, mmoja akapiga mluzi wa kumwambia mkunga tunakuacha. Edelmira aliona mbele yake vitu viwili kwa pamoja: kiti katikati ya ua wa mama Olinda, na blanketi lililolowa linabebwa na wanaume wanne. Angekwenda, na kukitokea jambo, mkasi ule asingeweza kuushika tena maisha yake yote.

Alivua begi.

"Waambie wasinisubiri," alimwambia Don Fortunato mlangoni. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kisha akaingia chumba cha dawa, akafunga mlango, akalia huku amekumbatia katoni ya glavu. Kwa nini asilie? Miaka mitatu alikuwa anawafuta wengine machozi, na mganga hajigangi.

Tumbo la Hilaria lilibana mpaka saa tatu asubuhi, kisha likalala, kama alivyosema. Waliokuwa wanashuka walikuwa wameshatoweka, na Edelmira hakuthubutu tena kuliacha tumbo lile.

Mtandao wa simu Ankapukyo unapatikana mahali pamoja tu, juu ya jiwe lililo nyuma ya kanisa, na hata hapo ni lazima usimame ukitazama mashariki. Jumapili baada ya saa nne Edelmira alipanda juu ya jiwe, mkasi mfukoni mwa koti, akampigia mama yake. Sauti za ua wa nyumbani zilimfikia zote kwa mpigo: sahani, mbwa wa jirani, filimbi, wanawake wanaochekeana karibu na sufuria. Alizijua moja moja. Angeweza kusema nani amekalia benchi gani.

"Hujafika," mama Olinda alisema. Halikuwa swali.

"Kuna mgonjwa, mama."

"Kwako daima kuna mgonjwa."

"Mama..."

"Sikulaumu. Nasema tu. Don Eleuterio amengoja mpaka pombe ya mahindi imeanza kuchacha. Tumeanza, binti yangu. Ngoja nimpe simu mwenye kichwa chake."

Kulisikika mkwaruzo wa simu ikipita mikononi, kisha pumzi ndogo, karibu sana na sikio lake.

"Yojan? Baba? Ni mama."

Pumzi ikaendelea. Kisha Yojan akasema, na ni wazi alikuwa anamwambia bibi yake: "Mama yuko wapi?"

"Huyo hapo, kwenye simu."

"Hii ni simu," Yojan akasema. "Mama yuko wapi?"

Edelmira aliibana simu sikioni. Maneno aliyoyazoea, mama anakuja tukate nywele, yalikuwa yameshapitwa na saa. Alisikia simu inawekwa juu ya kitu kigumu, pengine ile meza ya sahani. Alisikia Don Eleuterio anaahidi kondoo jike mwenye mimba, watu wakapiga makofi, na baada ya makofi ukasikika mlio mdogo wa chuma kwa chuma. Msuko wa kwanza. Kisha sauti ya mama yake, ya juu, ile ya kutangazia wageni: "Haya, sasa ni zamu ya mama yake."

Edelmira alichomoa mkasi mfukoni, akaunyoosha mbele yake kuelekea mashariki, akakata hewa.

Hapohapo simu ikalia sikioni mwake. Ilikuwa namba ya ofisi ya wilaya, na simu yake, ambayo haikuwahi kuweza mambo mawili, ikaiacha Abancay na kupokea wilaya.

"Mkunga Edelmira? Tunakupigia kuhusu semina. Jina lako halionekani kwenye mahudhurio."

"Naam?"

"Semina ya Namna ya Kupumzika. Sasa hivi tuko kwenye zoezi la kuvuta pumzi. Unaweza kujiunga, bado tuna dakika arobaini."

Alitaka kusema maneno ambayo mama Olinda hakumfundisha. Badala yake alikata simu na kupiga Abancay, akapiga tena, akapiga mara sita. Wingu lilikuwa limeshashuka juu ya mlima na mtandao ukaenda nalo. Alikaa juu ya jiwe mpaka makalio yakafa ganzi. Alimtamani mtoto wake kwa namna isiyo na heshima, kwa mikono, kwa pua: alitaka kunusa utosi wake tu, dakika moja, kisha wamrudishe kazini wakitaka.

Aliporudi zahanati alikuta wageni. Saturnino, mume wa Hilaria, alikuwa amefika kutoka Wayllapata na watoto wao wawili, jibini bichi ndani ya shuka, na mbwa. Binti mdogo alikuwa tayari amejitumbukiza mapajani kwa mama yake, uso wote ndani ya sweta, na Hilaria alikuwa anamsuka huku anamnusa utosi. Edelmira akatazama pembeni.

"Nimekuja kuona mtoto," Saturnino alisema, kofia mkononi, "naona bado yumo. Nimesema moyoni, mbona mapema hivi wamemwita mke wangu. Lakini wewe ndiye mwenye elimu, mamay."

"Mapema? Leo anatimiza wiki arobaini na moja, Don Saturnino. Amechelewa."

Saturnino alimtazama mkewe, mkewe akatazama sufi. "Kuanzia lini?"

"Yeye mwenyewe aliniambia. Siku zake za mwisho alizipata siku ya tatu baada ya sikukuu ya San Isidro, mtakatifu wenu. San Isidro ni tarehe kumi na tano Mei."

"Tarehe kumi na tano Mei ni ya kalenda," Saturnino alisema taratibu, kwa adabu ya mtu anayemwambia mwenzake kwamba amevaa kiatu kushoto kulia. "Mwaka jana sikukuu yetu ilikuwa katikati ya Juni. Mwenye zamu ya kuiandaa alikuwa Lima, amepasuliwa tumbo. Bila mwenye zamu nani angelisha watu? Nani angelipa bendi? Mtakatifu alingoja. Mwezi mzima sanamu yake ilikaa kanisani na vazi lake jipya la poncho, inangoja kama sisi wengine."

Mbwa alijikuna.

"Ni kweli," akasema Don Fortunato kutoka mlangoni. "Mimi mwenyewe nilicheza siku tatu. Goti hili halijapona."

Edelmira aligeuka polepole. "Ulijua?"

"Kwamba sikukuu ilichelewa? Nani hakujua?"

"Na hukuniambia."

"Kadi za wajawazito ni zako, bosi, mimi sizigusi. Ungeniuliza, ningekwambia."

Kuuliza si ujinga, kila mtoto wa shule anaimbishwa hilo. Lakini mkunga aliyehamia Agosti, mwenye foleni ya watu thelathini nje, anamwuliza nani kama mtakatifu alikuja kwa wakati? Alichukua kadi. Hesabu ilimchukua muda mfupi, maana alikuwa anaifanya kila siku ya maisha yake: wiki thelathini na saba. Utepe wa kupimia ulisema kweli tangu mwanzo. Tumbo lilisema kweli. Hilaria alisema kweli, tena kila siku, mbele ya mashahidi. Mtoto hakuwa amedumaa hata kidogo. Alikuwa mzima wa afya, anakaa ndani kwa haki yake.

Jumamosi angeweza kushuka. Angevuka tope, angefika, angekata msuko wa pili. Wazo hilo lilimjia lote kwa pamoja, akaiweka kadi chini.

"Nisamehe, Hilaria."

Hilaria alimaliza kusuka, akafunga ncha kwa uzi wa sufi. "Nilisema bado," alisema. "Lakini wewe ulikuwa na karatasi." Kisha, bila hasira yoyote, ndiyo maana ikauma: "Wiki tatu, mamay. Kondoo wangu walizaa, sikuwaona. Huyu jino lilimtoka, ninaambiwa leo."

Edelmira alielewa wakati ule alichomfanyia. Kile walichomfanyia yeye kwa ratiba, yeye alikuwa amemfanyia mwenzake kwa kalamu.

Kumrudisha Wayllapata haikufaa. Mwendo wa saa sita na damu ya namna ile, hapana. Utaratibu uliobandikwa ukutani uliruhusu kila mjamzito mtu mmoja wa kukaa naye. Edelmira aliubandua, akaukunja, akaingiza magodoro mawili zaidi katika nyumba ya kungojea, akamwambia Saturnino abaki na watoto mpaka siku yenyewe. Aliomba tu mbwa alale nje. Mbwa alilala ndani.

Jumatatu alfajiri, mimba ya Hilaria ikiwa bado na wiki tatu, Edelmira alishuka kuanza siku zake nane. Saturnino alimpa jibini zima la safari, na kwa kuwa karatasi safi hapakuwa nayo, alilifunga kwa Dodoso la Ustawi, swali la kwanza mpaka la kumi na tano upande wa ndani. Edelmira alivuka maporomoko kwa magoti na mikono. Ng'ambo alipata pikapi iliyobeba viazi, na alasiri alikuwa anapanda kijia cha juu ya soko, matope yamekauka miguuni, moyo unatangulia mbele.

Yojan alikuwa uani anarusha mawe kwenye ndoo. Edelmira alimtambua kwa sweta. Kichwa kilikuwa kidogo, kigeni, kimenyolewa kwa ngazi ngazi na mikono mingi, masikio yote mawili nje kama vishikio vya sufuria. Alisimama langoni akimtazama, na alikuwa mvulana kweli, na yeye hakuwapo. Kisha mtoto akageuka, na nyuma ya sikio la kushoto ukaning'inia msuko mmoja mrefu mpaka kiunoni, wenye utepe wa njano.

"Nilimwambia Don Eleuterio ule ni wa mama yake," mama Olinda alisema kutoka jikoni. "Wageni walicheka. Nikasema wacheke. Haya, ingia ukate, mtoto aende shule kesho kama watu."

Edelmira alipiga magoti, Yojan akamjia. Hakukimbia, alikuja kwa hatua, kama anayepima barafu. Kisha akamkumbatia shingoni kwa nguvu zake zote, na Edelmira akanusa ule utosi wenye harufu ya moshi na sabuni, akanusa mpaka akatosheka kidogo. Kutosheka kabisa hakukuwapo.

Mama Olinda alileta kiti katikati ya ua. Yojan akakaa bila kuambiwa, alishakuwa mzoefu. Edelmira akafungua begi, akatoa soksi, akatoa mkasi wenye utepe mwekundu.

Mtoto aliuona. Akaushika msuko wake kwa mikono yote miwili, akaubana kifuani.

"Hapana."

"Ni msuko wa mama, baba. Umebaki huu tu. Nimekuja tukate."

"Najua," Yojan alisema.

"Sasa?"

Alimtazama mama yake kwa subira, kama watoto wanavyowatazama wakubwa wanaoshindwa hesabu rahisi.

"Tukikata huu," akasema, "utarudi kufanya nini?"

Jikoni mama Olinda aliacha kukoroga. Edelmira alikumbuka simu zote zile, miaka yote ile, na sentensi moja aliyoirudia mpaka mtoto akaiamini. Aliurudisha mkasi ndani ya soksi. Kisha akaketi chini, akaufungua ule utepe wa njano, akaanza kuusuka upya msuko wa mwanawe, taratibu, maana ulikuwa umelegea.

"Kesho watamcheka shuleni, na mwalimu atamrudisha," mama Olinda alisema.

"Mimi nitampeleka, mwalimu ataongea na mimi," alisema Edelmira. "Siku zote saba zilizobaki nitampeleka mimi."

Yojan alihesabu kwa vidole, vikafika saba, akarudia kuanzia mwanzo kuhakikisha.